Nani Kasema Dodoma Haikuwa na Jazz Yake?

Mhariri,

Juma lililopita mliwauliza wasomaji ni mji gani wa Tanzania unaostahili kuitwa makao makuu ya jazz ya zamani. Nimeyasoma majibu ya awali mliyoyachapisha. Dar es Salaam imetajwa, Morogoro imetajwa zaidi, Tanga imepata mtetezi hodari, na Tabora nayo haikukosa wa kuisemea. Dodoma haikutajwa na mtu yeyote, isipokuwa msomaji mmoja aliyeandika kwamba baina ya Morogoro na Tabora wanamuziki hawakuwa na la kufanya ila kulala garini mpaka treni ifike. Mimi nimezaliwa Majengo, nimeipenda jazz tangu sijaanza shule, na maneno hayo nimeshindwa kuyameza. Naomba basi mniwie radhi nikianza na swali langu kabla ya lenu: je, Dodoma ilikuwa mji wa jazz au haikuwa?

Ilikuwa, tena kwa haki zote. Dodoma Jazz na Central Jazz zilikuwa bendi za hapa hapa, na wazee waliozicheza bado wamo mjini. Isitoshe, treni iliyoondoka Dar es Salaam jioni ilitufikia asubuhi, na bendi iliyokuwa ikielekea Tabora, Kigoma au Mwanza haikuwa na sababu ya kuupita mji uliojaa wafanyakazi wa reli, makarani wa serikali, walimu, wenye maduka wa Uhindini na wakulima waliokuja kuuza karanga zao. Bendi ilishuka na vyombo vyake, ikapiga usiku mmoja au miwili, ikapata nauli ya kuendelea mbele. Wanamuziki wetu walikaa karibu kabisa na jukwaa, macho yao kwenye vidole vya wageni, na juma lilipoisha kile kibao kilikuwa kinapigwa Majengo. Hiyo si nyika tupu.

Kwa ajili ya vijana niseme kidogo. Jazz tunayoizungumzia ni muziki wa dansi uliolelewa na santuri za Kuba, zilizoanza kuingia Afrika Mashariki miaka ya 1930, na baadaye na magitaa ya Kongo. Bendi ilikuwa na gitaa la solo, la ridhimu na la besi, na iliyojiweza iliongeza gitaa la pili la solo. Kulikuwa na saksafoni, tarumbeta, tumba na drams. Wimbo ulianza taratibu, mwimbaji akatoa kisa chake beti baada ya beti, kisha likaingia chemko, ambapo waimbaji waliyaachia magitaa na saksafoni uwanja na wachezaji wakajimwaga. Na kila bendi iliyojiheshimu ilikuwa na mtindo wake. Tabora Jazz walikuwa na Segere Matata, Western Jazz walikuwa na Saboso, Morogoro Jazz walipiga Likembe. Bendi isiyo na mtindo ilionekana bado inajifunza, na hapo ndipo penye kisa ninachotaka kukieleza, kwa sababu niliiona kwa macho yangu bendi mojawapo ya mji huu ikiutafuta mtindo wake.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Shangazi yangu alikuwa akiwapikia wanamuziki siku za mazoezi, na kazi yangu ilikuwa kubeba birika la chai na kapu la maandazi kutoka nyumbani hadi ukumbini. Msichana wa umri wangu hakuruhusiwa kuingia dansini usiku, lakini mchana hakuna aliyenifukuza, maana bila mimi hapakuwa na chai. Nilikaa kwenye benchi kando ya mlango wa nyuma na kuyaona yale ambayo waliolipa kiingilio hawakuyaona. Nyuzi za besi zilikuwa adimu. Zilipochakaa, besi ilisikika kama mtu anayezungumza akiwa amejifunika blanketi, na hapo mpigaji alizifungua, akaazima sufuria ya shangazi, akazichemsha mpaka maji yakageuka rangi kwa jasho na mafuta ya vidole, akazikausha juani na kuzifunga tena. Kwa siku kadhaa besi ilinguruma upya. Shangazi alizozana naye kila mara kuhusu sufuria hiyo, na kila mara alimpa. Mvua za Januari zilipoilegeza ngozi ya tumba, mpigaji aliisogeza karibu na jiko letu la mkaa, akaigongagonga kwa ncha za vidole huku akiizungusha, mpaka akasikia sauti aliyoitaka.

Mpiga solo alikuwa kijana mwembamba kutoka upande wa Bahi. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa watoto wake wapo na sijaomba ruhusa yao. Babu yake alikuwa mpigaji wa ilimba. Asiyeijua ilimba aelewe kwamba ni sanduku la mbao lenye vijiti vingi vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na sanduku hilo lina tundu linalozibwa kwa utando wa buibui, ili kila sauti itoke na mvumo wake. Mvumo huo ndio unaomfanya Mgogo aitambue ilimba hata ikipigwa nyumba ya tatu. Alasiri moja, wenzake wakiwa wanakunywa chai, kijana huyo alitoa karatasi ya fedha kwenye pakiti ya sigara, akaikunja mara kadhaa, akaipenyeza chini ya nyuzi karibu na daraja la gitaa, kisha akazigusa nyuzi kwa ubavu wa kiganja ili zisilie kwa kirefu. Akaanza kupiga vifungu viwili vifupi vinavyojibizana, kimoja chini na kimoja juu, bila kukoma. Nilijua mara moja ni nini. Shangazi aliacha kumimina chai.

Mpiga tumba alikuwa wa kwanza kuingia, na besi ikafuata. Mpiga saksafoni alijaribu mara kadhaa akashindwa, maana nyimbo za Kigogo zina sauti moja inayokaa chini kidogo ya pale vyombo vya Kizungu vinapoiweka. Kijana aliipata kwa kubana sauti ya chini yake na kuuvuta uzi kando mpaka sauti ipande kiasi kinachotakiwa, lakini saksafoni ilipoitafuta ilitua pengine, na sauti mbili zikagombana. Kiongozi wa bendi, mtu mzima aliyeheshimiwa sana hapa mjini, alisikiliza akiwa amekunja mikono. Kisha akasema, kwa upole kabisa, maneno ambayo hayajanitoka: “Bwana mdogo, unapiga vizuri, lakini hiyo ni ngoma. Watu wanatoa kiingilio waje kucheza dansi.” Kijana hakubishana naye. Mpiga tumba ndiye aliyemwombea, na baada ya mazungumzo marefu wakakubaliana kwamba Jumamosi, baada ya mapumziko, atapewa chemko la wimbo mmoja ajaribu jambo lake.

Jumamosi hiyo nilimsihi shangazi mpaka akaniruhusu nisimame naye mlangoni mwa jiko. Ukumbi ulijaa. Vijana walivaa suruali za bugaluu, makarani walikuwa na meza yao karibu na jukwaa, akina mama wa sokoni walikaa ukutani na vitenge vyao vizuri, na wachukuzi wa stesheni walikuwa upande wa mlango mkubwa. Baada ya mapumziko bendi ikapiga wimbo wa mapenzi ambao kila mtu aliujua. Beti zikaisha. Nikamwona kijana anaingiza karatasi yake chini ya nyuzi, na vile vifungu viwili vikaanza.

Kwanza ukumbi ulisita. Jozi zilizokuwa zinacheza zilipoteza hatua, zikasimama. Kisha mama mmoja muuza karanga, ambaye sikuwahi kumwona akicheza dansi, akaondoka ukutani akaingia katikati akiwa peke yake, mabega yakitikisika na shingo ikienda na ile sauti ya juu. Wachukuzi wawili wakamfuata. Mzee mmoja akapiga makofi kwa mpigo wa Kigogo wenyewe. Kwa muda ambao siwezi kuupima, palikuwa na dansi ya Dodoma ambayo isingeweza kupigwa Morogoro, wala Tabora, wala Tanga. Lakini kwenye meza ya makarani na miongoni mwa vijana wa bugaluu hakuna aliyejongea. Jozi zikaanza kurudi vitini. Bwana mmoja akainuka, akaenda hadi jukwaani, akamwambia kiongozi kitu sikioni. Baadaye tulijua aliomba kibao cha Morogoro Jazz kilichokuwa kikivuma redioni. Kiongozi akautazama ukumbi, akainua kidole, na saksafoni ikaingia na kile kibao. Kijana akaivuta ile karatasi, akaitia mfukoni, akaufuata wimbo bila kosa hata moja. Sakafu ikajaa papo hapo. Yule mama muuza karanga akabaki amezungukwa na jozi zilizoshikana, akageuka huku na huku, kisha akapenya akarudi ukutani.

Mwaka haukuisha kijana akaondoka. Bendi moja ya taasisi ya umma jijini Dar es Salaam ilimwita, ikampa ajira yenye mshahara wa mwezi, na hapa hakurudi tena kupiga.

Kwa miaka mingi nimekieleza kisa hiki kama ushahidi wa kosa. Nimewaambia wanangu, na yeyote aliyenisikiliza, kwamba usiku ule kiongozi yule aliuua mtindo wa Dodoma kwa hofu ya kiingilio. Hata barua hii nilikusudia iishie hapo. Lakini nikiyaandika haya sasa, nikimwona tena akiwa ameinua kidole, nakuta siwezi kumlaumu kama nilivyozoea. Vyombo havikuwa mali yake. Vilikuwa vya mfanyabiashara, na kila Jumamosi ilibidi fedha ya mwenye vyombo ipatikane kwanza ndipo wanamuziki wagawane kilichobaki. Zaidi ya hapo, ukumbi ule haukuwa wa Wagogo peke yao. Mji huu ulijengwa na reli, na reli ilileta Wanyamwezi, Warangi, Wahehe, Waswahili wa pwani na Wahindi. Yule bwana aliyeomba kibao cha Morogoro alikuwa mkazi wa Dodoma sawasawa na yule mama muuza karanga, na alikuwa amelipa kiingilio kilekile. Bendi ya mji iliwajibika kuwachezesha wote wawili. Labda ilihitaji Jumamosi nyingi zaidi, si moja, na Jumamosi nyingi zilihitaji fedha ambayo hapakuwa nayo.

Ninachokiri ni kwamba hoja yangu ya mwanzo imeanza kulegea. Nilisema Dodoma ilikuwa mji wa jazz kwa haki zote, na bado nasema ilikuwa na bendi, kumbi na wapenzi. Mtindo wake wenyewe, uliosikika ukajulikana Ubungo na Nairobi, siwezi kusema kwamba uliwahi kusimama.

Pale ambapo sitalegea ni kuhusu kumbukumbu. Bendi za mikoani zilikuwa mbali na kila mahali ambapo sauti ilihifadhiwa. Studio ilikuwa ya Radio Tanzania, Dar es Salaam, na aliyetaka santuri ilibidi avuke mpaka kwenda Nairobi. Mpaka huo ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, kisha ikaja vita ya Kagera, kisha ukaja uhaba wa kila kitu, tangu petroli hadi nyuzi za gitaa. Wakati huohuo mashirika ya umma yalikuwa yameanzisha bendi zao na kuzipa vyombo vipya. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi tangu mwaka 1964, Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Polisi na majeshi yalikuwa na bendi zao. Mwanamuziki aliyeajiriwa na taasisi aliweza kuoa na kusomesha. Sioni ni kwa hoja gani ungemzuia kijana wa Bahi asipande treni. Lakini matokeo yake ni kwamba mikanda ya Radio Tanzania imejaa vidole vya watu wa mikoani vikipiga kwa majina ya bendi za Dar es Salaam, na msikilizaji wa leo anaamini muziki huo ulizaliwa Kariakoo.

Mfano mkubwa ninaoweza kuutoa ni Patrick Balisidya. Alizaliwa Mvumi, hapa kwetu, mwaka 1946. Bendi iliyomtambulisha kwa dunia ni Afro 70, aliyoiunda Dar es Salaam, yenye mtindo wa Afrosa, na ndiyo iliyopelekwa Lagos mwaka 1977 kwenye tamasha kubwa la sanaa za watu weusi. Mwaka 1979 akarekodi Sweden pamoja na bendi ya huko iitwayo Archimedes. Alifariki mwaka 2004. Mkimwuliza kijana wa mtaa wetu wa Area C leo, atawaambia wimbo wake wa harusi hupigwa mpaka kesho, lakini hajui kwamba aliyeutunga ni mtoto wa Mvumi. Na kuhusu ilimba na zeze, Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alizibeba akazifikisha Ulaya na Marekani, akiwa ameweka makao yake Bagamoyo, ambako alifariki Desemba 2003. Chamwino angalau wanafanya jitihada ya kuwakusanya wapigaji wa ngoma za Kigogo na akina mama wanaopiga ngoma za muheme, na kila ninapowasikia nawaza jinsi gitaa moja tu la umeme lingekaa katikati yao. Haikutokea Balisidya na Zawose wakawa na bendi moja, hapa mjini, Jumamosi baada ya Jumamosi. Serikali iliamua mwaka 1973 kwamba Dodoma ndiyo itakuwa makao makuu, na mwaka 2018 tukatangazwa kuwa jiji, lakini watu waliotakiwa kuupa mji sauti yake walikuwa wameshaondoka kwenda kuipa miji mingine.

Sasa nijibu swali lenu kama lilivyoulizwa. Nikiulizwa makao makuu ya jazz ya zamani ni mji gani, na nikitakiwa kutaja mmoja tu, nitaandika Morogoro. Najua wenzangu wa Majengo watashangaa, na mimi mwenyewe nilipoketi kuandika sikudhani nitafika hapo. Morogoro ilikuwa na Morogoro Jazz tangu mwaka 1944. Ilikuwa na Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba mpaka ajali ya mwaka 1965 ilipomchukua. Kisha ikampata Mbaraka Mwinshehe, ambaye mwaka 1970 alipiga gitaa lake Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia, na aliyefariki Januari 1979 kwa ajali nchini Kenya. Bendi mbili kubwa zilishindana katika mji mdogo kwa miaka, na ushindani huo uliwalazimisha kuwa wao wenyewe. Sisi hatukubahatika kuupata. Na kama bwana yule wa mezani aliomba kibao cha Morogoro akiwa Dodoma, basi alishapiga kura yake tangu usiku ule.

Hata hivyo naomba kura yangu iandikwe pamoja na masharti yake. Kwanza, isichukuliwe kwamba namuunga mkono yule msomaji wa treni. Aliyelala garini usiku kucha alikosa bendi zilizokuwa zinapiga mita chache kutoka stesheni. Pili, wanaoshughulika kuihamisha mikanda ya zamani ya redio kwenye kompyuta wasiishie kuandika jina la bendi na la wimbo tu. Wapo wazee wanaoweza kusema solo hii ni ya nani na alitoka wapi, na wazee hao wanapungua kila mwaka. Tatu, mwenye picha ya bendi yoyote ya Dodoma iliyopigwa miaka ya 1960 au 1970, hata kama imechakaa, asiichome wala asiiache kwenye sanduku liwe chakula cha mchwa. Zipo, kwa sababu mimi mwenyewe nimeziona ukutani kwenye nyumba za Majengo na Chang'ombe ya hapa Dodoma, waimbaji wamevaa tai nyembamba na vyombo vimepangwa miguuni pao. Kwa sasa treni ya kisasa inatuleta Dodoma kwa saa chache, na wageni wa kuonyeshwa picha hizo hawatakosekana.

Na ndugu yangu wa Tabora aliyeitetea Segere Matata asione nimempuuza. Nimesita kati ya mji wake na Morogoro mpaka nilipofika ile aya ya kura yangu, na kama mngeuliza ni bendi ipi iliyokuwa inatufurahisha zaidi ikishuka stesheni ya Dodoma, jibu langu lingekuwa jingine.

Msomaji wenu,
Majengo, Dodoma